ZAHANATI ILIYO KARIBU NI KINGA: FUNZO LA MWANZA KATIKA MAPAMBANO DHIDI YA UKIMWI

Wahenga wamesema kinga ni bora kuliko tiba. Msemo huo ni wa kweli, lakini katika historia ya UKIMWI hapa Tanzania upo mkoa mmoja ulioonesha kwamba mara nyengine tiba yenyewe ndiyo kinga. Mkoa huo ni Mwanza, ulioko kusini mwa Ziwa Viktoria. Huko, kati ya mwaka 1991 na 1994, ilithibitishwa kwa hesabu kwamba zahanati ya kijiji yenye mtumishi aliyefunzwa na dawa zisizokatika huweza kupunguza maambukizi mapya ya Virusi vya UKIMWI (VVU) kwa takriban asilimia 40. Matokeo hayo yalipatikana wakati ambapo dawa ya kufubaza virusi vyenyewe ilikuwa haijamfikia mwananchi wa kawaida.

Jambo hilo linawahusu wakaazi wa Unguja na Pemba kama linavyowahusu wakaazi wa kandokando ya ziwa. Ni kweli kwamba afya si miongoni mwa mambo ya Muungano, na Zanzibar ina Wizara yake ya Afya pamoja na Tume yake ya UKIMWI iliyoundwa mwaka 2002. Hata hivyo, maradhi hayatambui mipaka ya wizara. Mvuvi wa Kojani anayekwenda dago na mvuvi wa dagaa wa Ukerewe wanaishi maisha yanayofanana: wote wawili huhama kumfuata samaki, na wote wawili huvuka maji kumfuata tabibu. Kwa hivyo yaliyojifunzwa ziwani yanafaa kusomwa pwani, na watumishi wa Serikali pamoja na wananchi wanaombwa kuyazingatia.

MARADHI YALIVYOANZA

Wagonjwa watatu wa mwanzo wa UKIMWI Tanzania Bara waligunduliwa mkoani Kagera, magharibi ya ziwa, mwaka 1983. Wananchi wa huko, kabla ya kulijua jina la kitaalamu, waliyaita maradhi hayo Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikivushwa mpakani na wafanyabiashara wa wakati ule. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa imekwisha kuripoti wagonjwa, na mwaka huo huo Zanzibar nayo ilipata wagonjwa wake wa mwanzo. Serikali ya Muungano iliunda Mpango wa Taifa wa Kudhibiti UKIMWI mwaka 1988.

Silaha iliyokuwapo wakati huo ilikuwa ni elimu. Wananchi walihimizwa kuwa waaminifu katika ndoa, kujizuia na kutumia kondomu. Dawa ya mwanzo ya kupunguza nguvu za virusi, iitwayo AZT, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1987, lakini bei yake ilikuwa mbali sana na uwezo wa hospitali za Afrika, sembuse mfuko wa mkulima au mvuvi. Palizuka imani, hata miongoni mwa baadhi ya watumishi wa afya, kwamba zahanati haikuwa na la kufanya mbele ya UKIMWI isipokuwa kumwandikia mgonjwa rufaa na kumpa pole.

MWANZA NA MAISHA YA ZIWANI

Mji wa Mwanza ni njia panda. Reli kutoka Tabora huishia hapo, na kutoka bandari yake meli zimekuwa zikielekea Bukoba, Ukerewe na miji ya nchi jirani. Pembezoni mwa ziwa imetawanyika mialo, yaani pwani ambapo mashua hutia nanga na samaki huuzwa. Uvuvi wa dagaa hufanyika usiku wa kiza, kwa taa zinazowashwa juu ya maji ili dagaa wakusanyike. Mbalamwezi inaporudi kazi hupungua, na wengi huhama kutoka mwalo mmoja kwenda mwengine, au kutoka kisiwa kimoja kwenda chengine. Pamoja nao huhama wanunuzi, wachuuzi, mama lishe na wenye vilabu.

Katika maisha ya namna hiyo, mtu anayepata kidonda cha sehemu za siri akiwa katika kisiwa cha Kome huenda mwezi unaofuata akawa Ukara. Akikuta zahanati haina dawa, hatasubiri. Atanunua vidonge viwili kwa mwuza duka, au atakaa kimya kwa haya, na maradhi yake yatapanda mashua pamoja naye. Wazee wa Zanzibar waliowahi kuishi dago wanaielewa vyema hali hiyo.

Dawa zenyewe zilikuwa na utaratibu wake. Kuanzia mwaka 1984, chini ya Mpango wa Dawa Muhimu, kila zahanati na kila kituo cha afya vijijini Tanzania Bara kililetewa kila mwezi sanduku lililofungwa. Utaratibu huo uliwasaidia wananchi wengi, kwani kabla yake vituo vingi vilikaa bila ya dawa. Lakini sanduku la zahanati yenye wagonjwa wengi lilikuwa sawa na la zahanati yenye wagonjwa wachache. Palipokuwa na mahitaji makubwa kuliko sanduku, dawa zilikwisha kabla ya mwezi kwisha.

KWA NINI KASWENDE NA KISONONO VINAHUSIKA

Maradhi yanayoambukizwa kwa kujamiiana, kama vile kaswende, kisonono na pangusa, yalikuwapo Afrika Mashariki muda mrefu kabla ya UKIMWI. Wataalamu waligundua mapema kwamba mtu mwenye maradhi hayo huambukizwa VVU kwa wepesi zaidi, na akiwa tayari ana VVU huwaambukiza wenzake kwa wepesi zaidi.

Sababu zake si ngumu kuzifahamu. Kidonda ni mlango uliofunguka katika ngozi, na virusi hupita hapo. Aidha, penye uvimbe na usaha mwili hupeleka askari wake, yaani chembechembe nyeupe za damu, na chembechembe hizo hizo ndizo VVU huzishambulia na kuzaliana ndani yake. Kwa mwenye VVU, uvimbe huo huongeza wingi wa virusi katika majimaji ya sehemu za siri. Tiba ya vidonge au sindano, inayogharimu fedha kidogo, huufunga mlango huo.

Hiyo ilikuwa nadharia. Lililobaki lilikuwa kuijaribu: je, zahanati za kawaida za Serikali, kwa watumishi wale wale waliopo, zikitibu vyema maradhi ya kujamiiana, maambukizi ya VVU yatapungua kijijini?

UTAFITI WA MWANZA

Swali hilo lilijibiwa na utafiti ulioendeshwa kwa ushirikiano wa Serikali, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, shirika la AMREF na Chuo cha Afya na Tiba za Nchi za Joto cha London. Zilichaguliwa jamii 12 za vijijini, kila moja ikiwa na takriban watu 25,000 wanaohudumiwa na kituo kimoja cha afya na zahanati zake. Zilikuwamo jamii za kandokando ya barabara, za ufukweni na za visiwani. Jamii hizo zilipangwa jozi jozi kwa kufanana kwake, kisha kwa kura moja ya kila jozi ikaanza kupata huduma iliyoboreshwa na ya pili ikasubiri hadi utafiti utakapomalizika.

Huduma iliyoboreshwa ilikuwa na mambo matano, nayo ni haya:

(a) Kliniki na maabara ya rejea iliyowekwa mjini Mwanza ili kufuatilia aina za vijidudu na dawa zinazoviua.

(b) Mafunzo kwa watumishi waliokuwapo tayari katika vituo, wakafundishwa kutibu kwa kufuata dalili, siku ile ile mgonjwa anapofika, bila ya kungoja majibu ya maabara ambayo kijijini haikuwapo.

(c) Dawa za maradhi hayo zilizopelekwa kwa utaratibu wa kudumu, mbali na zile za sanduku la kawaida.

(d) Ukaguzi wa mara kwa mara wa kumsaidia mtumishi na kumrekebisha.

(e) Elimu vijijini ya kuwataka wananchi wawahi matibabu na wawalete wenza wao.

Inafaa kuzingatia kwamba katika orodha hiyo halimo jengo jipya, wala hamna mtambo wa gharama kubwa, wala daktari bingwa aliyehamishiwa kijijini. Lililofanyika ni kuiwezesha zahanati itimize kazi ambayo sera ya afya ya Taifa ilikwisha kuiagiza ifanye.

Watu wazima 12,537 wenye umri wa miaka 15 hadi 54 waliandikishwa kwa ajili ya uchunguzi. Mwanzoni, takriban wanne katika kila mia walikuwa tayari wana VVU, katika makundi yote mawili. Baada ya miaka miwili wale waliokuwa hawana virusi walipimwa tena. Katika jamii zilizoboreshewa huduma, watu 48 kati ya 4,149 walikuwa wameambukizwa, sawa na asilimia 1.2. Katika jamii zilizosubiri, watu 82 kati ya 4,400 walikuwa wameambukizwa, sawa na asilimia 1.9. Baada ya kuzingatia tofauti nyengine baina ya jamii hizo, punguzo lilikuwa asilimia 42. Mwenendo wa wananchi katika mambo ya kujamiiana haukuonekana kutofautiana baina ya pande mbili. Kwa maneno mengine, waliokingwa walikingwa na zahanati.

Ripoti ya utafiti huo, ikiongozwa na Dk. Heiner Grosskurth na wenzake akiwamo Dk. Frank Mosha, ilichapishwa Agosti 1995 katika jarida la The Lancet la Uingereza. Miaka miwili baadaye ilichapishwa hesabu ya gharama: huduma hiyo iligharimu takriban senti 39 za Marekani kwa mwaka kwa kila mkaazi wa eneo lililohudumiwa, na takriban dola 10 kwa kila mgonjwa aliyetibiwa. Matibabu kwa kufuata dalili yalipata nguvu mpya duniani, na jina la Mwanza likawa linatajwa katika vyuo vya tiba vya nchi nyingi.

MATOKEO YA UGANDA NA MAANA YAKE

Haki inataka matokeo yote yaelezwe, si yale ya kufurahisha tu. Katika wilaya ya Rakai, nchini Uganda, utafiti uliotolewa ripoti mwaka 1999 uliwapa dawa watu wazima wote majumbani kwa pamoja, kila baada ya miezi kumi. Maambukizi ya VVU hayakupungua. Utafiti mwengine wa Masaka, nchini humo humo, ulioripotiwa mwaka 2003, nao haukuonesha punguzo la VVU.

Wataalamu walipolinganisha waliona tofauti mbili kubwa. Ya kwanza ni umri wa janga. Rakai, utafiti ulipoanza, watu wazima takriban 16 katika kila mia walikuwa tayari na VVU, mara nne ya Mwanza. Janga likishaenea kiasi hicho, virusi huwa vimekwisha kupita katika ndoa na nyumba za kawaida, na vidonda vingi huwa ni vya malengelenge ambayo dawa hizo haziyatibu. Ya pili ni namna ya huduma. Mwanza mlango wa zahanati ulikuwa wazi kila siku kwa mwenye dalili. Rakai dawa zilifika kwa zamu, na baina ya zamu mbili maradhi yalipata nafasi ya kurudi.

Funzo la matokeo hayo ni kwamba hatua ile ile huzaa matunda mengi ikiwahi, na machache ikichelewa. Serikali inayongoja janga likomae ndipo ifikishe huduma vijijini hulipa zaidi na kuokoa wachache.

SERA ZA TAIFA NA NJIA YA MGONJWA

Wakati utafiti wa Mwanza ukiendelea, hospitali za Serikali Tanzania Bara zilianza utaratibu wa kuchangia gharama za matibabu mwaka 1993. Miongozo yake iliwasamehe baadhi ya wananchi, wakiwamo mama wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, na wagonjwa wa kifua kikuu, ukoma na UKIMWI. Msamaha huo ulikuwa wa lazima, kwani maradhi ya kuambukiza yakiachwa kwa asiye na fedha hurudi kwa mwenye nazo. Hata hivyo, msamaha wa ada haulipi nauli ya chombo, wala haumrudishii mvuvi siku mbili alizopoteza njiani. Kwa mkaazi wa kisiwa, umbali ni ada isiyoandikwa popote.

Mwishoni mwa mwaka 1999 Rais Benjamin Mkapa alitangaza UKIMWI kuwa janga la Taifa. Mwaka 2001 ikatolewa Sera ya Taifa ya UKIMWI na ikaundwa Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania. Kuanzia mwaka 2004 dawa za kufubaza VVU zilianza kutolewa bila ya malipo katika hospitali za Serikali na za mashirika, na Hospitali ya Bugando, ambayo ndiyo ya rufaa kwa Kanda ya Ziwa, ilikuwa miongoni mwa zilizotangulia. Tarehe 14 Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe walipima damu hadharani katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, kuzindua kampeni ya upimaji wa hiari. Sheria ya mwaka 2008 ikapiga marufuku unyanyapaa na ubaguzi, na ikamlazimisha mtumishi wa afya kuitunza siri ya majibu. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2016 kila anayegundulika kuwa na VVU hupewa dawa mara moja, bila ya kungoja kinga yake ishuke. Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa ili kijana wa miaka 15 aweze kupima kwa ridhaa yake, na mtu aweze kujipima mwenyewe.

Sera hizo zote ni njema. Lakini mwanzoni dawa zilikuwa mjini na wagonjwa walikuwa mwaloni. Aliyetoka kisiwani kwenda Bugando alihitaji nauli, mahali pa kulala, na sababu ya kuwaambia jirani zake kwa nini amesafiri tena. Huduma ziliposhushwa hadi vituo vya afya na zahanati, na baadaye wagonjwa walioimarika wakapewa akiba ya dawa ya miezi mitatu au sita kwa pamoja, ndipo mvuvi alipoweza kuhama na mwezi bila ya kukatisha tiba yake. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 hadi 2017, uliolenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya, ulitokana na fikra hiyo hiyo.

Suala la usafiri ziwani si dogo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu 228 wakapoteza maisha. Msiba huo uliikumbusha nchi nzima kwamba kwa mkaazi wa kisiwa, safari ya sokoni, ya skuli na ya hospitali ni moja, na hatari yake ni moja. Kwa upande wa nchi kavu, Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilometa 3, lilifunguliwa Juni 2025. Mgonjwa anayetoka Sengerema au Geita kwenda Bugando hangoji tena kivuko. Wakaazi wa visiwani bado wanategemea maji, na kwao dawa ndiyo inayopaswa kusafiri.

SOMO LILIJIRUDIA WAKATI WA UVIKO-19

Janga la UVIKO-19 lilipoingia, Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa mwanzo tarehe 16 Machi 2020. Baada ya mwisho wa Aprili mwaka huo takwimu za Taifa hazikutolewa kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja. Mwelekeo ulibadilika mwaka 2021, pale Rais Samia Suluhu Hassan alipounda kamati ya wataalamu. Dozi zaidi ya milioni moja za chanjo ziliwasili Julai 2021, na tarehe 28 ya mwezi huo Rais alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam.

Mwanzoni chanjo ziliwekwa katika vituo vichache vilivyoteuliwa, na mwitikio ulikuwa mdogo. Kasi iliongezeka baada ya mpango shirikishi na harakishi ulioanza baadaye mwaka huo huo, ambapo wachanjaji walitoka na kuwafuata wananchi masokoni, mashambani na majumbani, na viongozi wa dini na wa vijiji wakashirikishwa. Lililoonekana Mwanza miaka thelathini nyuma lilionekana tena: hofu na uvumi hupungua pale huduma inapoletwa karibu na mtu anayejulikana na kuaminiwa.

HALI ILIVYO

Utafiti wa Taifa wa mwaka 2003 na 2004 ulikuta asilimia 7.0 ya watu wa Tanzania Bara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana VVU. Utafiti wa mwaka 2022 na 2023, ulioangalia watu wa miaka 15 na kuendelea nchini kote, ulikuta asilimia 4.4. Katika wale wenye virusi, asilimia 82.7 walikuwa wanajua hali zao. Katika wanaojua, asilimia 97.9 walikuwa wanatumia dawa. Na katika wanaotumia dawa, asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Mtu wa namna hiyo, akiendelea na dawa zake, hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya kujamiiana. Ule msemo wa mwanzo wa maelezo haya, kwamba tiba ni kinga, sasa umethibiti kwa UKIMWI wenyewe.

Takwimu hizo zinaonesha pia mahali palipo na pengo. Akishafika kituoni, mgonjwa hutibiwa vyema. Tatizo ni kwa yule asiyefika. Takriban watu 17 katika kila 100 wenye virusi walikuwa hawajijui. Mkoani Mwanza utafiti wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta asilimia 7.2 ya watu wazima wana VVU, juu ya wastani wa Taifa wa wakati huo. Zanzibar kiwango kimebaki cha chini, lakini uchache wa wagonjwa usiwe sababu ya kulala. Somo la Rakai ni kwamba wakati wa kutenda ni pale maradhi yanapokuwa bado machache.

Jambo jengine ni fedha. Sehemu kubwa ya huduma za UKIMWI nchini imekuwa ikigharimiwa na Mfuko wa Dunia na mpango wa Marekani wa PEPFAR ulioanzishwa mwaka 2003. Tarehe 20 Januari 2025 Serikali ya Marekani iliamuru misaada yake ya maendeleo kwa nchi za nje isimamishwe kwa siku 90 ili ipitiwe upya, kabla ya kuruhusu baadhi ya huduma za kuokoa maisha ziendelee. Amri iliyotiwa saini Washington iliwatia wasiwasi wagonjwa ambao hawajapata kuvuka hata ziwa. Huduma iliyokuwa ikigharimu senti 39 kwa mtu kwa mwaka ilionesha zamani kwamba si kila kinga inahitaji mkoba wa mgeni.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Kutokana na maelezo hayo, mambo yafuatayo yanafaa kukumbukwa.

Watumishi wa afya wakumbuke kwamba siri ya mgonjwa ni amana. Mgonjwa wa maradhi ya kujamiiana aliyekemewa leo hatarudi kesho, na hatamleta mwenza wake. Katika orodha ya Mwanza lugha njema haikuandikwa kama dawa, lakini bila yake dawa zingebaki rafuni.

Watumishi wa maghala, usafiri na uhasibu wafahamu kwamba nao wamo katika tiba. Boti isiyopelekewa mafuta, fomu ya maagizo iliyolala mezani na sanduku lililobaki bandarini ni maradhi yanayoendelea kuenea. Mgonjwa haoni tofauti baina ya dawa isiyokuwapo duniani na dawa isiyokuwapo zahanati.

Masheha, viongozi wa kamati za wavuvi na walimu wa vyuo na skuli wana sikio la wananchi. Wanaombwa kuwaeleza wanaokwenda dago wachukue dawa za kutosha kabla ya kusafiri, na kuwaeleza wenyeji wasimtenge mgeni kwa dhana tu.

Wananchi nao wafahamu kwamba kidonda au usaha sehemu za siri si aibu ya kufichwa wala si uchawi wa kutegua. Ni maradhi yenye tiba. Anayeona dalili aende kituo cha afya kilicho karibu siku ile ile, amalize dozi, amshauri mwenza wake atibiwe, na apime VVU. Anayetumia dawa za kufubaza virusi asiziache kwa kujiona mzima, kwani uzima huo umeletwa na dawa hizo.

Mwaka 1991 vijijini Mwanza hakukuwa na tiba ya UKIMWI, na wengi waliamini hakuna la kufanya. Zahanati ndogo za Serikali zilionesha kwamba lipo. Kazi iliyobaki, kwa watumishi na kwa wananchi wa Bara na Visiwani, ni kuhakikisha kwamba mtu akishuka katika mashua na kuelekea zahanati, anaukuta mlango uko wazi, mtumishi yupo, na dawa ipo.